Uingereza, Ghuba, Marekani au Ujerumani: Muuguzi wa Kenya Achague kwa Kigezo Gani?

Mwanzoni mwa mwaka 2022 Mutahi Kagwe, aliyekuwa waziri wa afya wa Kenya wakati huo, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliotazamiwa kwenda kufanya kazi Uingereza, ni 10 tu waliokuwa wamefaulu mtihani wa Kiingereza. Wapo waliocheka na wapo walioudhika, kwa kuwa muuguzi wa Kenya husomea taaluma yake kwa Kiingereza na huandika ripoti za wagonjwa kwa lugha hiyo hiyo kila zamu. Mkataba baina ya serikali mbili ulikuwa umetiwa saini London Julai 2021, mishahara ya huko ilikuwa inajulikana na kila mtu, na bado waliovuka walikuwa wachache. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa katika namna ya kulinganisha. Anayepanga kuondoka aanze na sababu inayomwondoa, kisha atazame kila nchi inadai nini na inarudisha nini kwa ajili ya sababu hiyo. Mshahara uje nyuma ya hayo.

Sababu zenyewe hazifanani hata kwa watu waliosoma darasa moja. Yuko aliyemaliza stashahada katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), akapata leseni ya Baraza la Wauguzi, na tangu hapo anashika zamu za kibarua katika hospitali ndogo za binafsi kwa sababu nafasi za serikali hazitangazwi. Yuko aliyeajiriwa, lakini ajira yenyewe haitulii: tangu huduma nyingi za afya zihamie kwa kaunti mwaka 2013, mshahara kuchelewa limekuwa jambo la kawaida katika kaunti nyingi, mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni na haukumalizika hadi Novemba, na walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walikaa miaka wakidai kuingizwa katika ajira ya kudumu. Na yuko wa tatu, mwenye ajira ya kudumu na pensheni, ambaye anachotaka ni watoto wake wakulie na kusoma mahali pengine. Wa kwanza anatafuta kazi, wa pili anatafuta pesa za uhakika amalize mkopo wa Sacco na nyumba iliyofika kwenye linta, wa tatu anatafuta makao. Hakuna nchi moja inayowafaa wote.

Tuanze na pesa, kwa kuwa ndizo zinazotajwa sana na kueleweka kidogo. Katika hospitali za umma za Uingereza, muuguzi mpya huanzia daraja la mshahara liitwalo Bendi ya 5, ambalo mwanzo wake kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa pauni 31,049 kwa mwaka. Ukizidisha kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha shilingi 170 hivi, unapata zaidi ya milioni tano, na hapo ndipo wengi huacha kupiga hesabu. Gawanya kwanza kwa miezi 12: ni pauni 2,587. Toa mchango wa pensheni unaokaribia pauni 215, kodi ya mapato ya kama pauni 265, na bima ya taifa ya kama pauni 123. Kinachoingia benki ni kiasi kidogo chini ya pauni 2,000. Hapo bado hujalipa chumba, ambacho nje ya London hula robo hadi theluthi ya pesa hizo hata ukiishi nyumba ya kushirikiana, wala nauli, wala joto la nyumba la miezi ya baridi. Kinachobaki kinatosha kuishi na kutuma kitu nyumbani, hasa kwa anayeongeza zamu za usiku na za Jumapili ambazo zina malipo ya ziada, lakini hakimalizi nyumba kwa mwaka mmoja. Wako wanaojitoa kwenye pensheni ili wabaki na sehemu kubwa ya zile pauni 215, kwani nyingine huenda kwenye kodi. Ninaona ni hasara, kwa sababu mwajiri huchangia zaidi ya mara mbili ya hicho na ukijitoa unaupoteza mchango wake.

Saudi Arabia na majirani zake hulipa kidogo kuliko Uingereza kwenye karatasi, na mara nyingi huacha zaidi mfukoni. Mshahara hautozwi kodi ya mapato. Mwajiri hutoa nyumba au posho ya nyumba, usafiri wa kwenda kazini, na tiketi ya likizo ya kila mwaka. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75 tangu miaka ya 1980, kwa hiyo unachotuma hakiyumbi kama kinavyoyumba kinachotumwa kwa pauni. Saudia kuna pia kiinua mgongo: nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na mshahara mzima wa mwezi kwa kila mwaka unaofuata. Anayejiuzulu katikati ya mkataba akiwa na miaka kati ya miwili na mitano hupewa theluthi moja tu ya kiasi hicho, ndiyo maana wajuzi wa mambo husubiri mkataba uishe ndipo wakatae kuuhuisha. Doa lake linajulikana. Katika hospitali nyingi za Ghuba mshahara hupangwa kwa kutazama pasipoti, na watu wawili wanaoshika zamu moja katika wodi moja, mmoja kutoka Nairobi na mwingine kutoka Ulaya, hawalipwi sawa. Anayekwenda huko akitafuta heshima ya taaluma atakereka. Anayekwenda akitafuta mtaji atavumilia kwa miaka minne, kisha arudi.

Marekani iko juu ya zote kwa kipato. Mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa huko ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka kufikia Mei 2024, na California hulipa zaidi sana kuliko majimbo ya kusini, ingawa kodi ya nyumba nayo hupanda vivyo hivyo. Zamu ya kawaida hospitalini ni ya saa 12, tatu kwa wiki, jambo linalowapa wengi nafasi ya kazi ya pili au ya kusoma. Kwa upande mwingine bima ya afya hukatwa kwenye mshahara, na katika miji mingi huwezi kufika kazini bila gari.

Ujerumani huwekwa mwisho katika mazungumzo ya wauguzi wetu, na naona haistahili nafasi hiyo. Muuguzi anayetambuliwa kikamilifu katika hospitali ya umma hupata zaidi ya euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, na makato ya huko ni mazito. Lakini kuna njia ya pili: mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu ambayo mwanafunzi hulipwa tangu mwezi wa kwanza, zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi katika taasisi za umma. Kijana aliyemaliza kidato cha nne au aliyekosa nafasi ya chuo hapa anaweza kuomba. Mwenye stashahada naye wakati mwingine hushauriwa aanze upya kwa njia hiyo. Kwake ni uamuzi wa kupimwa sana, kwa kuwa anapoteza miaka aliyokwisha kuisoma.

Baada ya pesa, mlango. Kwa kawaida Uingereza inadai mtihani wa Kiingereza, ama IELTS wenye alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza na 6.5 katika kuandika, ama OET wenye daraja B katika hayo matatu na C+ katika kuandika. Wakenya wengi wanaoanguka huangukia kuandika, na si kwa sababu hawajui lugha. Kuandika ripoti ya wodi kwa mistari minne yenye vifupisho ni stadi moja, kujenga hoja ya kurasa mbili ndani ya dakika 40 ni stadi nyingine, na ya pili haifanyiwi mazoezi kazini. OET huuliza barua ya rufaa ya mgonjwa, kitu ambacho muuguzi amewahi kukigusa, na kwa sababu hiyo ningemshauri anayekwama kwenye IELTS ajaribu huo kabla hajalipia mara ya tatu.

Kisha kuna sehemu mbili za mtihani wa taaluma. Wa kwanza hufanywa kwa kompyuta hapa hapa Kenya. Wa pili, wa vitendo, unaoitwa OSCE, hufanywa Uingereza ukiwa umeshafika na umeshaanza kazi kwa cheo cha chini, na una vituo 10. Katika kituo kimoja kuna mtu amelala kitandani akiigiza mgonjwa, na mtahini amekaa pembeni na fomu. Unatazamiwa kusafisha mikono, kujitambulisha, kuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa huku ukilinganisha na bangili ya mkononi, kuuliza kama ana mzio wa dawa yoyote, kupata ridhaa yake, ndipo uguse chochote. Muuguzi aliyezoea kubeba wodi ya watu 40 usiku mzima peke yake anaweza kuanguka hapa kwa kusahau kuuliza mzio, kwa kuwa huko alikotoka faili ilikuwa inamjibu. Ada za baraza la wauguzi la Uingereza kwa hatua zote, yaani tathmini, mitihani miwili na usajili, zilifika pauni 1,170 kwa viwango vilivyokuwapo mwaka 2025. Hospitali nyingi hulipa OSCE, viza na tiketi, na kwa kubadilishana hukutaka utie saini kwamba ukiondoka kabla ya miaka miwili au mitatu utarudisha sehemu ya gharama. Soma kifungu hicho kabla ya vingine vyote. Ujue pia kwamba baada ya wimbi la 2021 hadi 2023 hospitali za huko zimepunguza sana kuajiri kutoka nje, na kufaulu mtihani si sawa tena na kupata kazi.

Mlango wa Ghuba ni mwepesi zaidi. Hakuna IELTS kwa wengi; kuna uhakiki wa vyeti kupitia DataFlow, mtihani wa kompyuta wa Prometric, na sharti la uzoefu wa miaka miwili hivi baada ya leseni. Sharti hilo la mwisho ndilo humfungia nje yule wa kwanza wetu, aliyemaliza chuo na kukosa ajira, kwani zamu za kibarua zisizo na barua ya mwajiri hazihesabiki. Anayeshika zamu hizo leo aanze leo kudai barua zenye tarehe, wodi na saa alizofanya.

Marekani ina mlango mzito na kizingiti cha subira. Kuna kutathminiwa kwa vyeti, ambako wenye stashahada wakati mwingine huambiwa wana upungufu wa saa katika somo fulani, kuna NCLEX, yaani mtihani wa leseni ya uuguzi, kuna mtihani wa Kiingereza, halafu kuna foleni ya viza ya ukaazi chini ya kundi la EB-3. Wauguzi wamesamehewa hatua ya mwajiri kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani wa kazi hiyo, lakini hawajasamehewa foleni, na mwaka 2025 waliokuwa wakiitwa kwenye usaili ni waliofungua maombi yao takribani miaka miwili au zaidi nyuma. Wazaliwa wa Ufilipino na India wana foleni zao. Mkenya husimama katika ile ya nchi zote nyinginezo. Ujerumani kwa upande wake inadai lugha. Huwezi kupewa leseni kamili bila Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha kati kwenda juu, na kutoka sifuri hadi hapo ni mwaka mzima au zaidi wa darasa la kila siku. Mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi uliotiwa saini Berlin Septemba 2024 mbele ya Rais Ruto na Olaf Scholz, kansela wa Ujerumani wakati huo, ulizua habari kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha idadi hiyo siku hizo hizo. Mkataba upo, ila hausamehi mtu Kijerumani.

Kwa mwenye familia, yote hayo hupinduka. Viza ya EB-3 ni ukaazi wa kudumu tangu siku ya kwanza, na mume au mke pamoja na watoto walio chini ya miaka 21 huingia nayo wakiwa na haki ya kusoma na kufanya kazi. Hakuna nchi nyingine kati ya hizi inayotoa hivyo, na kwa mtu wa tatu katika mfano wetu, miaka ya kusubiri akiwa bado na ajira yake ya kudumu nyumbani si hasara kubwa. Ajihadhari tu na umri wa kifungua mimba: mwenye mtoto wa miaka 18 leo anaweza kumkuta amevuka 21 viza inapotoka, ingawa sheria ina hesabu maalum inayowaokoa baadhi yao. Uingereza huruhusu muuguzi kuja na familia. Zuio la Machi 2024 liliwahusu wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, ambao ni kada nyingine, na wengi huchanganya mawili haya. Ukaazi wa kudumu huko umekuwa ukipatikana baada ya miaka mitano, lakini Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kufanya 10 kuwa kawaida, na tangu hapo limekuwa suala la nani atapunguziwa. Ujerumani imekwenda kinyume: mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, na tangu Juni 2024 uraia baada ya mitano bila kuvua uraia wa Kenya. Saudia haina mwisho wa namna hiyo hata kidogo. Ukipeleka familia, unalipa riyali 400 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, na siku mkataba unapokwisha mnarudi nyote.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi, nalo ni kazi yenyewe inavyobadilika. Muuguzi wa stashahada wa Kenya amesajiliwa kwa uuguzi, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja. Amezalisha, ameshona msamba, ametundika dripu bila kumwuliza mtu. Uingereza itamsajili kama muuguzi wa watu wazima, ukunga ukibaki rejista nyingine yenye njia yake, na hata kuweka kanula atasubiri apewe cheti cha ndani cha hospitali. Ujerumani itamshangaza zaidi. Kuogesha mgonjwa, kumlisha na kumbadilisha, kazi ambazo hapa hufanywa sana na jamaa wa mgonjwa, kule ni sehemu ya kazi ya muuguzi mwenye leseni, na nafasi nyingi ziko katika nyumba za wazee. Kwa anayependa kasi na mikono yenye kazi nyingi, hospitali kubwa za Ghuba na za Marekani zinafanana zaidi na alichosomea, tofauti ikiwa idadi: California ilianza kuweka ukomo huo kisheria mwaka 2004, na tangu 2005 muuguzi wa wodi ya kawaida hatakiwi kubeba zaidi ya wagonjwa watano. Sidhani kuna aliyefanya kazi katika hospitali ya rufaa ya kwetu anayeweza kulisoma hilo bila kuguna.

Kuhusu maajenti nitasema machache. Kwa Uingereza, wakala anayekudai ada ya kutafutiwa kazi anavunja kanuni za huko; kwa Marekani, mwajiri halali hakuuzii nafasi. Ghuba ndiko kwenye vumbi zaidi, na huko jina la wakala litafutwe katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kutoa pasipoti. Mkataba utakaokuta mezani Riyadh uwe ule ule uliousaini Nairobi, kwa hiyo beba nakala.

Hivyo basi, ningempeleka wapi nani? Asiye na ajira na ambaye bado yuko chini ya miaka 30, aingie darasa la Kijerumani wiki hii, maana muda anao na muda ndio bei ya Ujerumani. Mwenye miaka miwili ya wodi, mkopo na kiwanja, na asiyetaka kuhamia ugenini moja kwa moja, aende Ghuba kwa mkataba mmoja au miwili. Akitanguliza stashahada ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, wa figo au wa chumba cha upasuaji, atapata nafasi bora zaidi. Mwenye familia na ajira tulivu afungue faili la Marekani na aendelee na kazi yake kana kwamba hakulifungua. Uingereza, ambayo miaka michache iliyopita ningeitaja kwanza, sasa ningeiacha kwa mwenye jamaa huko, au kwa anayetaka kusomea ubobezi ambao mfumo wake unautoa vizuri, na awe na barua ya kazi mkononi kabla ya kulipia hatua za baadaye. Na wapo wanaopaswa kubaki: aliye na ajira ya kudumu, amebakisha miaka michache ya pensheni na watoto wako chuoni tayari, hesabu zake zikipigwa kwa makini mara nyingi hazimtoi Kenya.

Wasomaji wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wana kifungu cha ziada. Nchi hizo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya mataifa 55 yenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kwenda kuwatafuta wauguzi huko. Muuguzi mmoja mmoja anaweza kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja; wakala akijitokeza Dar es Salaam au Kampala akisema ametumwa na hospitali ya Uingereza, hiyo pekee inatosha kumtilia shaka. Mtanzania akumbuke pia kwamba sheria ya nchi yake haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo faida ile ya Ujerumani haimfikii kama inavyomfikia Mkenya.

Kwa yeyote anayeondoka akiwa ameajiriwa, barua ya kujiuzulu isiwe ya kwanza kuandikwa. Ulizia likizo bila malipo, pata jibu kwa maandishi, na ukiwa ng'ambo endelea kuhuisha leseni ya Baraza la Wauguzi na kukusanya alama za mafunzo endelevu zinazotakiwa, kwa sababu uhakiki wa leseni hiyo utaombwa tena siku utakapotaka kuhama kutoka Riyadh kwenda Dublin au kutoka Leeds kwenda Perth, na rejista iliyolala huchukua muda mrefu kuamshwa kutoka mbali.